Mpango Wenye Sahihi Tatu

Morogoro Mjini
4 Agosti 1994

Mtani wangu Mzee Alois Mihayo,

Shikamoo. Mnyamwezi umefika Mlali kwa wakwe zako? Msalimie mkeo, dada Margareth, na umwambie asikubebeshe chochote. Babu zenu walipita hapa kwetu na mizigo ya watu vichwani, usije ukajisahau ukaunganisha safari mpaka Tabora.

Nakuandikia mapema kabla hujaanza kulalamika, maana nakufahamu. Nirudie tulichokubaliana ili usije ukasema hukuelewa. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma imewapa mpaka tarehe 30 Septemba kupeleka mpango mmoja wa kuiokoa Karakana, wenye sahihi za wakuu wote wa idara. Mpango usipofika, Karakana ya Zana inafungwa na watu themanini na wanne wanarudi nyumbani. Na wakuu wako watatu hawajakaa meza moja tangu Juni mwaka jana. Ulikuja chuoni kwangu shati limelowa jasho, ukasema, "Mwalimu, nenda kanipatanishie hawa watoto." Mtoto mwenyewe Benedikto ana mvi kukuzidi!

Nikakubali, kwa sharti moja: wiki sita usionekane Karakana. Huendi, huandiki kwao, humtumi mtu. Ukiwa na neno niandikie mimi, umpe dereva wa gari la kabichi, ananifahamu. Na usiniulize nani kasema nini. Mimi nimefundisha uongozi miaka kumi na miwili, nimeingia kwenye ofisi zenye ugomvi mbaya kuliko wa kwenu, na nimetoka salama. Hili tutaliweza.

Pumzika basi.

Mtani wako,
Filomena Mkude


Mlali
9 Agosti 1994

Kwa Mwalimu Filomena Mkude,

Marahaba.

1. Nimefika salama.

2. Sijalalamika wala sitalalamika.

3. Kuhusu mizigo: nyinyi Waluguru mnaolima milimani mkiwa mmejifunga kamba msiporomoke na mihogo yenu hamna la kumwambia Mnyamwezi.

4. Kuhusu kazi. Umekaa nao siku nane sasa na hujaniletea taarifa. Nikusaidie. Benedikto Mloka wa uzalishaji ni fundi wa kweli, ila ni mbishi. Ukimwambia jembe lina kasoro anakuandikia kurasa tatu kwamba halina. Bi Hidaya wa mauzo ana mdomo, na tangu soko lilipofunguliwa na majembe ya nje yakajaa kila duka, mdomo umeongezeka. Hashimu Kondo wa utumishi ni mpole mno. Anakubaliana na yeyote aliyezungumza naye mwisho. Wanachukiana hawa. Miaka saba nimekaa katikati yao nikipokea mishale ya kila upande. Kama si mimi, wangekwishapigana.

5. Naomba majina ya wanaokwamisha. Siyo kwa ubaya. Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu.

6. Hapa nimeona mfereji wa kumwagilia kabichi za mama mkwe unapoteza maji mengi. Leo asubuhi nimewakusanya mashemeji nikawapangia zamu, kila mtu na saa yake. Wote wamejibu, "Sawa, Mzee." Zamu zinaanza kesho.

A. Mihayo
Meneja Mkuu


Morogoro Mjini
16 Agosti 1994

Mtani,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka Salma, yule mwalimu ninayekaa naye ofisi moja, akaniuliza kama nimepata mchumba. Yaani hata kumsalimia mtani unampa vipengele? Majina sikupi. Nilikwambia.

Ila nakupa kitu kingine. Nimekaa masijala siku nne na karani wako Bi Pili, nikifungua majalada. Nimefuata karatasi moja tu mwanzo hadi mwisho.

Tarehe 3 Machi Bi Hidaya anaandika dokezo: wakulima wa Mgeta wanasema tundu la jembe letu ni dogo, mipini yao haiingii, ndiyo maana wananunua ya nje. Mistari minne, ya heshima kabisa. Dokezo linakwenda kwako. Linakaa. Tarehe 29 Machi wewe unaandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, "Nataka maelezo," halafu unalipeleka kwa Benedikto. Linamfikia tarehe 22 Aprili. Benedikto haoni wakulima wa Mgeta. Anaona wino mwekundu na "nataka maelezo". Basi anakupa maelezo, kurasa tatu, kwamba tundu liko sawasawa na mchoro. Wewe unayapeleka kwa Hidaya na neno lako, "Umeona?" Hidaya anadhani Benedikto ndiye kamtukana.

Mwezi Juni ukaisha. Tundu bado dogo.

Nimehesabu hatua kutoka mlango wa Hidaya mpaka mlango wa Benedikto. Arobaini na moja, na miguu yangu ni mifupi. Nikamuuliza Pili kwa nini dokezo halikutembea hizo hatua. Akatoa waraka wako wa Oktoba 1987: mawasiliano yote baina ya idara yapitie kwa Meneja Mkuu. Umebandikwa nyuma ya mlango mpaka leo, Mzee, umekuwa wa kahawia.

Je, unaukumbuka? Nijibu bila namba.

Filomena


Mlali
21 Agosti 1994

Mwalimu,

Marahaba. Bila namba, kama ulivyotaka.

Naukumbuka sana. Mwaka huo wakuu wawili wa idara walikula njama, chuma cha springi za lori kikatoka getini usiku, tani sita. Karatasi zao zilipatana vizuri kabisa kwa sababu zilipita baina yao tu. Mimi nilipewa siku saba nijieleze Dar es Salaam. Nikarudi nikaandika waraka ule, na tangu siku hiyo hakijaibiwa hata kipande cha nondo. Uniambie kosa langu liko wapi! Wale wawili hawapo tena, ni kweli. Sikuwahi kufikiri kwamba waraka bado upo. Nilidhani watu wamezoea tu kuniletea.

Nakiri kalamu nyekundu. Nilikuwa nayo moja, nikaizoea.

Lakini Mwalimu, nimekuita uwatengeneze wao. Sasa kila ukurasa unaoniletea naona jina langu. Nimekasirika, nakwambia wazi, nimerarua barua mbili kabla ya hii.

Na huku nako mambo ni yaleyale. Zamu za maji hazikuanza. Hakuna aliyekataa, kila mmoja akipita ananiambia, "Sawa, Mzee," halafu anakwenda kufungua maji saa yake ya siku zote. Siku ya nne nikamfuata mama mkwe. Akaniambia bila hata kuacha kupukuchua mahindi, "Mkwe wangu, hawa wana mpango wao na majirani wa juu tangu hujaoa hapa. Ukiwapangia, wanakuitikia kwa sababu ni wewe. Ungewauliza wangekwambia." Nikaona aibu, nikaenda kukaa jikoni na Margareth. Naye akacheka.

Wiki tatu zimebaki mpaka nirudi. Mpango umefika wapi? Hilo ndilo linaninyima raha. Niambie hata neno moja.

Alois


Morogoro Mjini
29 Agosti 1994

Mtani wangu,

Shikamoo. Leo nina mengi, kaa vizuri.

Alhamisi Bi Pili alifiwa na mama yake huko Ngerengere. Habari ilifika saa mbili asubuhi. Mzee, laiti ungeona. Hashimu, huyo unayesema hana msimamo, dakika kumi hazikufika alikuwa na lori, sanda, na watu sita wa kuchimba. Hidaya alikuwa keshahesabu sufuria, mchele, akina mama wa kupika. Benedikto, Mkristo katikati ya msiba wa Waislamu, akavua koti akafunga turubai, akachanja kuni, na kila alipokwama alipaza sauti, "Hidaya, maji unayataka wapi?" Na Hidaya anajibu! Anajibu vizuri! Wakarushiana utani humohumo, Hidaya akimwambia Benedikto kwamba turubai lake limepinda kama majembe yake. Benedikto akacheka. Mimi nilikuwa nakatakata vitunguu, na machozi yangu hayakuwa ya vitunguu tu.

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza Hidaya, mbona kule mmeelewana? Akaniangalia kana kwamba nimeuliza upuuzi. "Kule ni msiba, Mwalimu. Kule hakuna wa kupitia kwake."

Jumamosi nikawaita watatu hao Karakana. Sikuwapeleka chumba cha mikutano. Nilitandika mikeka uani, karibu na tanuri, tukavua viatu. Nikawaambia, "Ndugu zangu, Karakana imefariki. Tumekusanyika. Nani anafanya nini?" Hapo Benedikto akang'aka, "Haijafa!" Nikamwambia, basi mgonjwa yuko mahututi, nani anafanya nini? Hashimu akaanza kucheka, na Hidaya akasogea kwenye mkeka akasema, "Mimi nakwenda Mgeta na Nyandira nilete mipini yao halisi, ishirini. Beni, ukipata mipini utapanua tundu lini?" Benedikto akajibu, "Jumatano."

Jumatano, Mzee! Tangu Machi!

Walikaa saa nne. Aina za majembe zilikuwa tisa, zimebaki mbili. Watapokea kazi za kuchonga vipuri vya mashine za kusaga za watu binafsi, ambazo siku hizi ziko kila mtaa wa Mwembesongo. Hashimu kapanga nani ahamie wapi, na amewakatalia wenzake mara mbili, tena kwa sauti. Rasimu ya mpango itakuwa tayari wiki ijayo, nina hakika nayo kama ninavyolijua jina langu.

Kila kikao wanataka kiwe mkekani. Benedikto anasema kwenye kiti anajisikia kuandika maelezo.

Filomena


Mlali
2 Septemba 1994

Mwalimu Filomena,

Marahaba. Nimefurahi. Naandika hivyo kwanza, ili kisomeke kwanza.

Lakini mama yake Pili amefariki na hakuna aliyenijulisha. Ngerengere siyo mbali. Mimi nahudhuria kila msiba wa Karakana. Nafika na gari, naketishwa mbele na mashehe au na padri, natoa rambirambi kwa niaba ya uongozi, naondoka. Miaka kumi na moja sijakosa. Na sasa nasoma kwamba ule uliofana kuliko yote ni ule ambao mimi sikuwepo. Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikaenda kutazama kabichi.

Nijibu swali moja. Huko Ngerengere, au hapo mkekani, walinitaja?

Alois


Mwembesongo
6 Septemba 1994

Kwa Mzee Mihayo,

Shikamoo Mzee. Hujambo na nyumbani? Mimi ni Hidaya wa mauzo. Mwalimu Filomena ametukataza kukuandikia na hajui kwamba naandika. Atanigombeza. Acha anigombeze.

Mzee, mpango umekamilika na jana tumeusaini watatu. Chini tumeacha mstari wa "Imepitishwa na Meneja Mkuu" kwa ajili yako. Ila kuna jambo jingine, na mimi siwezi kukutazama usoni siku ukirudi kama hujalijua.

Nakuambatishia barua. Ni ya tarehe 11 Julai, kabla Mwalimu hajaja. Tuliiandika nyumbani kwangu, kwa siri, kwenda makao makuu Dar es Salaam. Inaomba uondolewe. Inasema wewe ni mtu mwaminifu na fundi asiye na mfano, na kwamba kazi haiwezi kutembea kwa sababu kila kitu kinasimama mezani kwako. Tumesaini wote watatu. Mzee, kwa mwaka mzima hiyo ndiyo karatasi pekee tuliyokubaliana.

Mwalimu tulimwonyesha siku ya pili tu. Akatuomba tuifungie kabatini wiki sita. Sasa wiki zinakwisha. Hashimu anasema tuichome. Benedikto anasema iende. Mimi nikasema mwenyewe aisome kwanza, halafu ndiyo tujue.

Mimi binafsi ulinipa kazi nikiwa sina mtu mjini hapa. Sijasahau. Ila nilichosaini nilikimaanisha. Nisamehe kwa njia tuliyopita, siyo kwa maneno.

Hidaya Kibwana


Mlali
7 Septemba 1994

Filomena,

Kwa hiyo ulijua tangu siku ya pili.

Ulinileta huku kwa utani, mara mizigo, mara kamba, kumbe unayo barua ya kunifukuza kabatini! Nimekulipa kutoka katika fungu la Karakana yangu, ukale vitunguu na watu wanaonichimbia kaburi! Nikakuuliza kama walinitaja, umekaa kimya siku tano. Mimi ni mtu wa miaka hamsini na sita. Nimeijenga Karakana ile ikiwa ni banda la bati na nyundo nne. Tanuri lile nililijenga kwa mikono hii. Utani una mipaka, na wewe umeivuka.

Usiniandikie.

A. Mihayo


Morogoro Mjini
9 Septemba 1994

Mtani wangu,

Shikamoo. Naandika ingawa umenikataza. Ukitaka irarue, lakini isome kwanza.

Nilikosa. Siku ile ya pili nilipaswa kupanda gari la kabichi nije nikwambie uso kwa uso. Niliogopa kwamba ungerudi mbio na kalamu nyekundu, na watu themanini na wanne wangepoteza kazi kwa sababu ya siku moja ya hasira. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, lakini nilikuficha, na kukuficha ni kosa. Nakuomba radhi, na sina kisingizio. Bi Hidaya amefanya nilichopaswa kufanya mimi.

Yaliyobaki siyaombei radhi. Walikutaja? Walikutaja sana. Ngerengere walisema ungekuwepo wangepata hema zuri badala ya turubai. Mkekani walikutaja mara moja tu: Benedikto alisema joto la tanuri lilivyo sasa halifai kwa chuma kipya, na kwamba wewe ungejua. Kisha wakaendelea. Hawakusimama kukungoja. Ndicho kinachokuuma, na mimi ningekuwa wewe kingeniuma vilevile.

Sasa nakwambia kama mtani, maana mwingine yeyote ataogopa. Ulichokikuta mwaka 1987 kilikuwa wizi, na ulikizuia. Umefaulu. Halafu ukabaki mlangoni miaka saba kumzuia mwizi aliyekwisha kuondoka, na wenye nyumba wakashindwa kupita. Hao watu hawakuchukii, na wenyewe kwa wenyewe hawachukiani. Wamekutii tu, mpaka Karakana ikakaribia kufa kwa utii.

Sikwambii ufanye nini. Ukirudi Jumatatu ukaketi kitini na kutaka maelezo, una haki hiyo, bado ni Meneja. Mpango utakwenda Tume ukiwa na sahihi zote na utasomeka vizuri, na ikifika Januari majalada yatakuwa yamerudi mezani kwako. Unalijua hilo kuliko mimi.

Zimebaki siku ishirini na moja.

Filomena


KARAKANA YA ZANA
Mwembesongo, Morogoro
14 Septemba 1994

Kwa: Mkuu wa Uzalishaji, Mkuu wa Mauzo, Mkuu wa Utumishi

YAH: BARUA YENU YA TAREHE 11 JULAI 1994

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Barua yenu ya kuomba niondolewe nimeisoma mara nane. Ina kosa moja la tarehe katika ukurasa wa pili, ambalo nimelirekebisha kwa kalamu ya bluu.

2. Nimesaini chini ya majina yenu, nikiwa wa nne, na leo hii nimeituma Dar es Salaam mimi mwenyewe kwa rejesta.

3. Mpango wa Karakana nimeusoma. Mstari wa "Imepitishwa na Meneja Mkuu" nimeufuta. Upelekeni kama ulivyo, na sahihi tatu. Watu wa Tume wakija na maswali, myajibu nyinyi. Sitakuwepo chumbani.

4. Waraka wa Oktoba 1987 umefutwa kuanzia leo. Bi Pili aubandue. Atahitaji kisu, niliubandika kwa gundi ya seremala.

5. Kuhusu tanuri na chuma kipya: Benedikto, punguza matofali ya safu ya tatu na uongeze upepo. Kama haikusaidia, niulize. Niulize wewe mwenyewe, kwa mdomo.

6. Nitaondoka rasmi Tume ikishatoa jibu. Iwapo wakati huo mtaona kwamba bado ninahitajika katika nafasi ya Meneja Mkuu, naomba mnijulishe.

Ninawatakia kazi njema.

A. Mihayo


Mlali
19 Novemba 1994

Mtani wangu Filomena,

Marahaba, ingawa safari hii nakuwahi kabla hujaniamkia. Najua miezi miwili hii sikukuandikia. Nilikuwa bado na hasira kidogo, na kabichi zilikuwa nyingi.

Habari kubwa bila shaka umeshazisikia mjini, lakini nataka uzisikie kwangu. Karakana haifungwi! Tume imeukubali mpango, atatafutwa mbia, na watu sabini na mmoja wanabaki kazini. Kumi na watatu tunaokaribia kustaafu tunatoka. Watu wa Tume walikuja siku mbili. Mimi nilikaa nje kwenye benchi la madereva, nikala karanga. Ndani nilisikia wanabishana, Hidaya na Benedikto, mbele ya wageni, nikanyanyuka nusu niende kuwatuliza. Nikajikuta nimeshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Nikakaa. Baadaye mgeni mmoja alitoka akasema hajaona uongozi unaobishana juu ya tundu la jembe kwa mapenzi namna ile. Nilitaka kumwambia ni wangu hao. Nikampa karanga.

Sasa nikueleze ambalo hakuna mwingine anayelijua. Kile kipengele cha sita cha barua yangu, unakikumbuka? Hidaya atakuwa amekuonyesha. "Iwapo mtaona bado ninahitajika." Mwalimu, kile nilikiweka kwa makusudi. Nilijua wataniomba nibaki. Nilikuwa nimeshaandaa na jibu kichwani, la kukataa kwa unyenyekevu mara ya kwanza, na kukubali mara ya pili. Ndiyo, cheka.

Juzi mchana Hashimu akaja. Hashimu ni mtu wa hapahapa Mlali, ukoo mmoja na Margareth, ila miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga hapa nikiwepo. Ofisini alikuwa anasimama mpaka nimwambie akae. Juzi aliegemeza baiskeli ukutani, akavuta kigoda mwenyewe, akanipa bahasha. Nikaifungua taratibu, kwa heshima ya tukio.

Ilikuwa na mistari mitatu. Wamekaa, wamejadili kipengele cha sita, wamekubali niondoke. Wananishukuru kwa miaka kumi na moja. Wanaomba nimpe Hashimu ufunguo wa kabati la michoro, kwa sababu unahitajika kesho asubuhi.

Basi. Hakuna kubembeleza hata kidogo! Nilisoma nyuma ya karatasi nikidhani kuna zaidi. Ilinichoma, Filomena, nisikufiche, ilinichoma hapa kifuani. Nikaingia ndani kutafuta ufunguo, nikakaa kitandani nikalia kama dakika mbili. Halafu pale pale kicheko kikaja, sijui kilitoka wapi, nikacheka peke yangu na ufunguo mkononi. Wamekaa, wamejadili, wameamua, wameleta. Hawakuniuliza mimi.

Nikatoka nikampa ufunguo. Akaushika, hakuondoka. Akaangalia miguu yake, akaangalia kabichi, akasema, "Shemeji, nina njaa. Leo mmepika nini?"

Shemeji. Miaka kumi na moja nilikuwa Meneja.

Nikamwita Margareth. Kulikuwa na ugali na maharage. Alikula sahani mbili.

Mtani wako,
Alois